Kuona seli moja moja au kuona jicho zima: umchagulie mgonjwa wako picha gani ya retina

Mwaka jana, usiku, yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, anayeishi Liège huko Ubelgiji, alinipigia simu. Alikuwa amepata habari kwamba Paris kuna mashine inayopiga picha retina, sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, mpaka ikaonyesha seli moja moja. "Tumupeleke mama," akaniambia. "Kama kuna mashine inaona mpaka seli, juu ya nini tubakie na picha za pale?" Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza: "Na yule mtoto wa dada naye."

Mama yetu ana kisukari kwa miaka 11 sasa, na tension (shinikizo la damu) imekuja kukaa juu yake. Mtoto wa dada ana miaka 19. Giza likianza kuingia hapa mtaani kwetu Kamalondo, Lubumbashi, anatembea mkono ukiwa ukutani, na siku moja alitumbukia kwenye mtaro ulio mbele ya nyumba aliyozaliwa. Wagonjwa wawili, nyumba moja, mfuko mmoja wa pesa. Mimi si munganga (daktari), ni mpiga picha: harusi, vipaimara, picha za pasipoti. Lenzi nazijua, jicho sikulijua. Kwa hiyo niliwauliza waganga wa macho wa hapa Lubumbashi, nikasoma, nikarudi kuwauliza tena. Nilikofikia ni huku: mama hahitaji ile mashine ya seli, na kumpeleka kungemchelewesha. Kijana huenda ataihitaji, lakini kuna mambo yanayotangulia. Nitaziweka picha hizi bega kwa bega ili uone kwa nini, maana najua kuna familia nyingine nyingi zinazopigiwa simu kama ile.

Njia zenyewe

Ya kwanza ni jicho la munganga, likisaidiwa na chombo cha mkono chenye taa. Mjerumani Hermann von Helmholtz alikitangaza mwaka 1851, na mpaka leo hakijastaafu. Kuna hata kidogo kiitwacho Arclight, kilichobuniwa katika Chuo Kikuu cha St Andrews huko Uskoti, kinachoingia mfukoni na kuchajiwa kwa jua. Katika mji ambao delestage inakata umeme bila kuaga, hilo si jambo la kupuuza.

Ya pili ni picha ya rangi ya sehemu ya nyuma ya jicho. Kwenye karatasi ya munganga utaona ameandika "fond d'œil". Kamera ya kawaida huchukua upana wa nyuzi 45 kwa pigo moja, na zile pana zaidi hufika nyuzi 200. Ya tatu ni OCT, ambayo David Huang, James Fujimoto na wenzao waliitangaza mwaka 1991. Hii haiishii kwenye uso wa retina. Inaikata kwa mwanga kama unavyokata mkate, ukaona tabaka zake kwa ubavu, na unene wa kila moja ukapimika.

Ya nne, ile ya yaya, inaitwa optiki inayojirekebisha, na mimi huielezea kwa mbabula, lile jiko la makaa. Mtu akikaa ng'ambo ya mbabula yenye makaa yaliyoshika, ukimpiga picha juu ya ule moto, uso wake unacheza. Kamera yako ni nzima na mtu ametulia. Kinachoharibu ni hewa ya moto iliyo katikati yenu. Wachunguzi wa nyota wanapata shida hiyo kila usiku kwa sababu ya anga, na mwaka 1953 Horace Babcock alipendekeza kwamba mwanga uliopindishwa na anga unyooshwe na kioo kinachobadilisha umbo lake. Jicho nalo lina mbabula yake, ndiyo konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, na lenzi. Hakuna mtu aliyezaliwa nazo zikiwa sawa kabisa. Miwani hurekebisha makosa makubwa, lakini hubaki makosa madogo madogo ambayo kila jicho lina ya kwake.

Tena kuna mtego ambao mpiga picha yeyote ataufahamu. Ukiifungua mboni kwa matone ikawa pana, tundu hilo kubwa linakupa uwezo wa kupambanua vitu vidogo zaidi, lakini makosa ya lenzi nayo yanaingia kwa wingi. Mboni ikibaki ndogo, makosa yanapungua na ule uwezo unaondoka nayo. Mashine hii inautoka mtego kwa kupima makosa ya jicho lako wewe, papo hapo, mara nyingi katika kila sekunde, na kukiamuru kioo chembamba kijikunje kinyume na makosa hayo. Mwaka 1997 Junzhong Liang, David Williams na Donald Miller wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walitangaza picha za koni moja moja walizozipata kwa njia hiyo ndani ya jicho la mtu aliye hai. Koni ni zile seli zinazotupa rangi na uwezo wa kusoma. Miaka miwili baadaye Austin Roorda na Williams walionyesha zipi katika koni hizo ni za nyekundu, zipi za kijani na zipi za bluu. Nilipoiona picha ile mara ya kwanza nilikaa nayo muda mrefu. Sikuwa nimejua kwamba mtu anaweza kuchungulia ndani ya jicho la mwenzake na kuhesabu kile anachoonea.

Ukali na upana

Sasa vipimo, na hapa ndipo uamuzi unapoanzia. Mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Katikati kabisa ya makula, ile sehemu unayosomea, koni ni kama 200,000 katika milimita moja ya mraba, kila moja ikiwa na upana wa mikroni 2 hadi 3. Kamera ya kawaida ya fond d'œil hupambanua vitu vya mikroni 10 hivi au zaidi. OCT ya kawaida ni kali kwa kina, mikroni 5 hivi, lakini kwa upande inabaki kwenye mikroni 15 hadi 20. Optiki inayojirekebisha hufika mikroni 2 kwa upande.

Yaya alipozisikia namba hizo alidhani hesabu imekwisha. Bado kuna upana. Chukua kamera ya rtx1 ya kampuni ya Imagine Eyes, iliyoko Orsay karibu na Paris. Picha yake moja hufunika nyuzi 4 kwa 4, yaani milimita 1.2 hivi kila upande. Ili ufunike eneo linalochukuliwa na picha moja tu ya nyuzi 45, utahitaji karibu picha 100 zishonwe pamoja. Na hizo nyuzi 45 zenyewe si retina yote. Inashangaza kwamba chombo cha Helmholtz nacho huonyesha nyuzi 5 hivi kwa wakati mmoja: chombo kikongwe kuliko vyote na kipya kuliko vyote vinachungulia kupitia tundu la ufunguo. Tofauti ni kwamba cha mkono munganga anakizungusha, na kwa dakika chache amepita mahali pengi.

Mimi hufikiria harusi. Nikienda na lenzi kali kuliko zote nikarudi na picha 100 za shanga za gauni la bibi harusi, kila ushanga ukiwa umetulia, wenye harusi wataniuliza wazazi wako wapi. Sijapiga vibaya. Nimepiga kisichojibu walichoniitia. Na ndiyo maana swali ambalo sasa namuuliza kila munganga anayeandika kipimo ni hili: "Picha hii ikitoka, itabadilisha nini katika matibabu?" Munganga mzuri hakasiriki kwa swali hilo. Analijibu.

Kwa mama: kisukari

Kisukari hakianzi kwa kuua koni. Kinaanza kwenye mishipa midogo ya damu. Kuta zake zinatoa vivimbe kama vichwa vya pini, damu inavuja, majimaji yanajaa kwenye makula, na baadaye, sehemu za retina zikikosa damu, inaota mishipa mipya dhaifu inayoweza kupasuka na kulijaza jicho damu kwa siku moja. Mambo haya yametawanyika huku na kule, na mengi yanaweza kuwepo huku mgonjwa akisoma Biblia yake bila shida. Mama alikuwa anasoma. Ndiyo iliyotudanganya miaka yote ile.

Swali la kwanza la munganga, basi, ni: vidonda viko wapi, na ni vingi kiasi gani? Hilo linajibiwa na picha pana, mboni ikiwa imefunguliwa, au na munganga anayejua kuzunguka jicho zima kwa taa yake. Swali la pili: makula imevimba? Hapo OCT haina mpinzani, kwa sababu uvimbe ni unene, na unene ndicho inachopima. Kama makula imevimba, kuna dawa za kuchoma kwa sindano ndani ya jicho. Mojawapo, bevacizumab, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kama kuna mishipa mipya, kuna leza. Kati ya maamuzi hayo hakuna linalosubiri hesabu ya koni.

Kuna pia angiografia, ambapo dawa ya rangi ya njano inachomwa kwenye mshipa wa mkono na kamera inafuata inavyopita ndani ya jicho. Inaonyesha vizuri panapovuja na mahali damu isipofika. Mgonjwa anaweza kusikia kichefuchefu, na mkojo utakuwa wa rangi kali mpaka kesho yake, kwa hiyo mwambie mzazi mapema asije akaogopa. Siku hizi OCT nyingine zinaweza kuchora mishipa bila sindano yoyote. Hizo huonyesha damu inakopita, lakini hazionyeshi panapovuja.

Je, optiki inayojirekebisha haina la kusema kuhusu kisukari? Inalo, na ni zuri. Inaonyesha kuta za mishipa midogo kabisa, vivimbe ambavyo kamera ya kawaida haijavigundua, hata seli za damu zikipita moja baada ya nyingine kwenye njia nyembamba. Watafiti wanaitumia kuelewa uharibifu unaanzaje, na kuona mapema kama dawa mpya inafanya kazi. Kazi hiyo itawafaa wajukuu zetu. Lakini kwa mama, kugundua kivimbe kimoja mapema zaidi kusingebadilisha agizo: sukari ishuke, tension ishuke, jicho litazamwe kila mwaka, na mara nyingi zaidi kidonda kikianza.

Kulikuwa na kingine ambacho yaya hakukijua, na mimi sikukijua mpaka siku ya kipimo. Mama ana mtoto wa jicho anayeanza, lile wingu la kwenye lenzi. Kioo kile cha ajabu hunyoosha mwanga uliopinda. Mwanga uliotawanyika hakiwezi kuukusanya, sawa na vile hakuna kutafuta umakini wa lenzi utakaoondoa vumbi lililoko juu yake. Tena mgonjwa anatakiwa kukaza macho kwenye alama moja, kichwa kimetulia, mara nyingi, na macho yasiwe makavu. Mtu mwenye umri wa mama na wingu lile angeweza kuvuka bahari, akakaa mbele ya mashine, na kurudi na picha za ukungu. OCT nayo inasumbuliwa na wingu, lakini inavumilia zaidi.

Kwa kijana: giza linaloingia mapema

Kwa mtoto wa dada mambo ni tofauti kabisa, na hapa nilibadilisha mawazo mara mbili.

Munganga hakuanza na mashine yoyote. Alianza kwa kuuliza anakula nini. Nilikereka kidogo, nikaja kuelewa baadaye: kutoona usiku kunaweza kuletwa na upungufu wa vitamini A, ambao hutibika kwa gharama ndogo, na ni vibaya sana kumbatiza mtu ugonjwa wa kurithi kabla ya kuondoa huo. Kwetu haukuwa huo. Pembeni mwa retina yake kulikuwa na madoa meusi yaliyokaa kama mifupa midogo, mishipa imekonda, na kipimo cha upana wa kuona kilionyesha dunia yake imeanza kuwa kama bomba. Jina lake ni retinitisi pigmentosa, ugonjwa wa kurithi unaompata mtu mmoja hivi katika kila 4,000. Zinakufa kwanza rodi, seli za kuonea gizani, kuanzia pembeni. Koni za katikati zinafuata baadaye, polepole, kwa miaka mingi.

Katika ugonjwa huu swali si "kidonda kiko wapi." Ni "seli ngapi zimebaki, na zinapungua kwa kasi gani?" Hilo ndilo swali ambalo optiki inayojirekebisha ilizaliwa kulijibu. Ubao wa herufi unachelewa sana kusema. Mtu anaweza kupoteza koni nyingi na bado akasoma mstari uleule wa jana. Mwaka 2011 kikundi cha watafiti wa Marekani kilitangaza walichokiona kwa wagonjwa watatu wa magonjwa ya kurithi ya retina waliowekewa kipandikizi cha dawa katika jicho moja tu. Kwa miaka zaidi ya miwili, vipimo vya kawaida vya kuona havikutofautisha jicho lenye dawa na lile jingine. Kuhesabu koni kulitofautisha: zilipungua polepole zaidi katika jicho lililotibiwa. Wagonjwa watatu ni wachache na si ushahidi wa tiba. Lakini fikiria maana yake kwa wanaotafuta dawa: badala ya kungoja miaka kumi kujua kama kitu kinafaa, wanaweza kuona mapema zaidi. Mwaka huohuo wa 2011 rodi nazo zilionekana moja moja, jambo lililokuwa gumu zaidi kwa kuwa ni nyembamba.

Hapa kuna tahadhari ambayo ningependa familia yoyote iijue kabla ya kuonyeshwa picha hizo. Katika picha za kawaida za mashine hii ya seli, koni inaonekana kwa sababu inarudisha mwanga. Isiporudisha, pale pana shimo jeusi. Mama wa kijana akiona mashimo yale atalia. Lakini shimo jeusi halimaanishi lazima kwamba seli imekufa. Mwaka 2014 ilitangazwa njia nyingine ya kuupokea mwanga katika mashine hizohizo, na katika baadhi ya mashimo yale koni zikaonekana zimo bado, ingawa zimedhoofika. Kwa tiba inayotaka kuziamsha seli, tofauti kati ya iliyokufa na iliyonyamaza ni kila kitu.

Basi kwa nini nasema kijana angoje? Kwa sababu ya mpangilio. Tiba ya jeni iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017 kwa upofu wa kurithi wa retina, voretigene, ni kwa mtu mwenye hitilafu katika nakala zote mbili za jeni iitwayo RPE65. Retinitisi pigmentosa inaweza kutoka kwenye jeni nyingi, zaidi ya 80. Bila kujua ya kijana ni ipi, hesabu ya koni zake ni namba isiyo na mlango wa kupitia. Kipimo cha jeni kinafanywa kwa damu au mate, na kinachosafiri ni kichupa, mtu anabaki nyumbani. Halafu zingatia hili: tiba hiyo inataka seli ziwe bado hai, na katika jaribio lililoifikisha kwenye idhini, moja ya njia za kuthibitisha hilo ilikuwa unene wa retina uzidi mikroni 100 kwenye OCT. Hata kwa dawa iliyotangazwa kwa bei ya dola 850,000 kwa macho mawili, OCT ilitosha kufungua mlango.

Kwa hiyo kwa kijana: upana wa kuona, OCT na jeni kwanza. Optiki inayojirekebisha itakuja siku akiingia katika utafiti unaomhusu. Mashine hizo nyingi zinakaa katika vituo vya utafiti, kama Rochester, Berkeley, Milwaukee, London na Paris, na ni kawaida watafiti wakimtaka mgonjwa wampige picha wao wenyewe kwa mashine yao. Picha moja, ya siku moja, haisemi mengi. Nguvu yake iko katika kurudi baada ya miezi, kwenye mashine ileile, mahali palepale pa retina, na kulinganisha. Asiye na uwezo wa kurudi amenunua nusu ya kipimo.

Wagonjwa wengine, kwa haraka

Tension peke yake: optiki inayojirekebisha inaweza kupima unene wa ukuta wa mshipa mdogo wa retina ukilinganisha na tundu lake, na waganga wa Paris wameitumia kuonyesha jinsi tension inavyozinenepesha kuta hizo. Kwa utafiti wa moyo ni dirisha zuri. Kwa mzee wako, kile kitambaa kinachofungwa mkononi kinatosha, mradi apimwe.

Mtoto wa SS, yaani mwenye ugonjwa wa seli mundu, ni jambo linalonigusa, kwa sababu hapa mjini kila mtaa unao. Seli mundu huziba mishipa kuanzia pembeni kabisa mwa retina, mbali na makula. Mtoto anaweza kusoma vizuri ubaoni huku pembeni mishipa mibaya inaota. Picha ya nyuzi 4 ya katikati haitaiona. Hata picha ya nyuzi 45 inaweza kuikosa. Anayehitajika ni munganga mwenye matone ya kufungua mboni na subira ya kutazama ukingoni, kuanzia umri wa miaka 10 hivi, kila mwaka mmoja au miwili. Kama pesa ni za kipimo kimoja tu, zitoe hapa.

Wanaotumia hidroksiklorokwini kwa ajili ya lupasi au ugonjwa wa viungo, muda mrefu: OCT pamoja na kipimo cha upana wa kuona, mara moja mwanzoni, halafu kila mwaka baada ya miaka 5. Picha za koni zimeonyesha madhara ya dawa hii, lakini vipimo hivyo viwili ndivyo vinavyoamua. Glakoma: presha ya jicho, mshipa wa neva wa jicho, upana wa kuona, na OCT ikiwepo.

Na malaria ya ubongo, ambayo watu hawaihesabu kama jambo la macho. Mtoto akiwa amezimia, munganga anayeangalia retina yake kwa chombo cha mkono anaweza kukuta weupe, damu na mishipa iliyobadilika rangi, dalili zilizochunguzwa kwa miaka mingi Malawi. Dalili hizo humsaidia kujua kama kuzimia kule kunatoka kwa malaria kweli au kuna kingine. Mtoto aliyezimia hakazi macho kwenye alama. Hapo chombo cha mwaka 1851 kinafanya kazi ambayo mashine ya seli haiwezi hata kuianza.

Kabla ya kulipa

Ninashauri jambo moja ambalo tulijifunza kwa maumivu. Mahali pamoja hapa mjini tulilipia OCT ya mama, tukapewa karatasi iliyochapwa kwa wino uliofifia, rangi zote zimekuwa kijivu. Mwaka uliofuata munganga mwingine alitaka kulinganisha, akashindwa. Kipimo cha kwanza kilikuwa kimepotea ingawa karatasi tunayo. Sasa naenda na flash yangu ya USB. Naomba picha zenyewe, za macho yote mawili, zenye tarehe na jina la mashine, na kila mara narudi kwenye mashine ileile kama inawezekana, kwa sababu mashine mbili hupima unene kwa namna mbili. Picha ya kawaida iliyotunzwa miaka mitatu inamsaidia munganga kuliko picha ya ajabu ya siku moja.

Ulizia pia umeme. Kama mashine inategemea umeme wa mtandao peke yake, panga asubuhi na upige simu kabla ya kupanda gari. Mgonjwa mwenye matone machoni haoni vizuri kwa saa kadhaa, kwa hiyo asitumwe peke yake, na kofia au miwani ya jua isikose, hasa miezi hii ya jua kali ya Septemba na Oktoba.

Na safari ya nje? Visa, tiketi, malazi, mtu wa kumsindikiza, halafu kurudi tena. Nilipoweka hayo kwenye karatasi nikamtumia yaya, hakunijibu siku mbili. Siku ya tatu akapiga. "Mama apate picha pana na OCT kila mwaka, sindano kama zinahitajika," akasema. "Mutoto apime jeni. Pesa za ndege nitatuma kidogo kidogo kwa hayo."

Mama aligunduliwa na uvimbe mdogo kwenye jicho la kushoto, alichomwa sindano, na OCT ya mwezi wa tatu ilionyesha makula imeshuka. Nimeziweka picha zote mbili kwenye kompyuta ya studio, moja kando ya nyingine, naye hupenda kuzitazama. Damu ya kijana imeshaondoka. Majibu bado. Kwa sehemu ya pesa zilizobaki tulimnunulia taa ya kufunga kichwani, kama zile za wachimba madini, na sasa jioni anatoka hadi barabarani bila kugusa ukuta.